Jinsi ya Kuwa Mkimbizi wa Mfano: Mwongozo kwa Mgeni wa Dzaleka

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeingia Malawi juzi kupitia Karonga, ukaweka begi kwa shemeji wa rafiki wa kaka yako, na bado unaamka alfajiri ukipanga siku. Kupanga siku ni dalili ya ugeni. Hakuna atakayekukataza. Utaacha mwenyewe, pengine kabla ya mvua za Desemba, kisha atakuja mtu na daftari kuandika ripoti kuhusu watu wasiopanga siku.

Uijue kwanza nyumba uliyoingia. Kabla yetu, Dzaleka ilikuwa jela ambamo Rais Kamuzu Banda aliwatupa wale waliopishana naye kisiasa. Mwaka 1994 Banda alishindwa kwenye kura, na mwaka huohuo mahali hapa pakawa kambi ya wakimbizi, kwa kuwa Rwanda ilikuwa inateketea na majirani zake hawakuwa salama. Ilikusudiwa watu 10,000, au 12,000 kwa kubanana. Leo tumepita 50,000: Wakongomani ndio wengi, kisha Warundi na Wanyarwanda, na Waethiopia na Wasomali wachache wenye biashara zao. Ukisikia mtu anasema kambi ni jela, usikubali. Jela ya kawaida humpa mtu tarehe ya kutoka.

Hatua ya kwanza: geuka kesi

Siku ya kuandikishwa utaweka vidole kwenye mashine, utaitazama kamera bila kucheka, utahesabiwa wewe na watu wako. Utaulizwa kazi uliyoifanya kwenu. Jibu kwa neno moja. Ualimu wa miaka ishirini, ufundi wa injini za boti za Uvira, uuguzi, vyote vinaenea kwenye kisanduku kilekile, na baada ya hapo hakuna atakayeuliza tena. Jina lako likikosewa herufi, lizoee. Nimemwona mzee mwenye jina la babu yake akiitwa dirishani kwa jina lililozaliwa kwenye kibodi, akaitika mbio, maana anayechelewa kuitika hurukwa. Watoto waliofuata waliandikwa kwa jina hilohilo la kwenye kompyuta. Ukoo mpya umeanza hivyo, na hata mbuzi hakuchinjwa.

Erving Goffman, msomi aliyekaa miaka ya 1950 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Washington akiwatazama waliomo, aliandika katika kitabu chake cha 1961 kwamba hospitali za namna ile, jela, kambi za jeshi na nyumba za watawa zote humpokea mgeni kwa mtindo mmoja: zinamvua alichokuja nacho, zinampiga picha, zinampa namba, kisha zinamzoesha kuwa aina ya mtu ambayo nyumba hiyo inajua kuihudumia. Aliona pia mtego wenyewe ulivyotegwa. Mgonjwa akilalamika juu ya hospitali, malalamiko yanaandikwa kwenye faili kuwa dalili ya ugonjwa. Goffman hakufika Dowa, wilaya yetu hii, lakini angepajua. Hapa ukipaza sauti ofisini wewe ni mkorofi. Ukinyamaza, huna shida kubwa, ngoja wenye shida wahudumiwe.

Kesi inataka hadithi, na hadithi haitakiwi kubadilika. Utaisimulia kwa afisa wa serikali, utaisimulia tena HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na baada ya miaka utaisimulia kwa kijana mgeni mwenye kompyuta mpya.

"Mama, mara ya kwanza hukusema kwamba usiku ule mvua ilinyesha."

"Nimeikumbuka sasa, mwanangu."

"Kwa hiyo ilinyesha au haikunyesha?"

Mama wa watu anamtazama mkalimani, mkalimani anatazama saa. Ushauri wetu: ondoa mvua. Ondoa pia kila kitu ambacho akili yako itakiokota njiani miaka inavyopita, sauti ya jirani, rangi ya kitenge cha dada yako. Faili halina usiku wa kukosa usingizi, kwa hiyo halikumbuki jambo jipya. Ukishasimulia mara nyingi kwa maneno yaleyale, utagundua siku moja kwamba hata wewe unakumbuka kile kilichoandikwa tu. Hongera. Umehitimu hatua ya kwanza.

Hatua ya pili: jifunze foleni

Foleni ina elimu yake, na inaanzia kwenye dumu. Pale bombani si lazima mtu apange mstari. Dumu lake linampangia. La njano lenye kamba nyekundu ni la mama wa Fizi, la bluu lililoyeyuka shingo ni la vijana wasio na mama, na lile lisilo na mfuniko halina mtetezi, linasogezwa nyuma kila mwenye haraka anapotokea. Mgeni huliacha dumu lake akaenda kupiga soga. Mzoefu huliacha pamoja na mtoto.

Kutokana na dumu utajifunza hesabu ya kaya. Msaada hufuata idadi ya vichwa, iwe ni fedha za PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, au blanketi, na mgao wenyewe umepunguzwa kila wafadhili wanapochoka. Kwa hiyo familia, ambayo kwenu ilikuwa watu wanaokula sufuria moja, huku inakuwa watu walioandikwa kwenye karatasi moja. Nyanya anaweza kuwa kichwa cha kaya yake peke yake huku akilala miguuni pa wajukuu. Kijana akitimiza miaka kumi na minane, wazazi hawajui wafurahi au wakalifute jina lake kwenye karatasi. Halafu ofisi inashangaa: hawa watu mbona wana hesabu nyingi kuhusu ndugu zao? Kalamu ya kugawa familia ilitoka kwao.

Hatua ya tatu: imesimamishwa kwa ukosefu wa ufadhili

Hatua ya nne: uwe hoi siku za Jumanne na shupavu siku za Alhamisi

Hapa wageni wengi hufeli. Kuna msaada wa walio hatarini zaidi na kuna miradi ya wenye ari, na mara nyingi mlengwa ni yuleyule. Jumanne uwe mjane mwenye kifua, bila jamaa, bila kipato. Alhamisi uwe mjasiriamali mwenye ndoto. Usichanganye siku. Mtu aliyekwenda kwenye mradi wa wenye ari huku bado anakohoa kwa ajili ya Jumanne hukosa kote kuwili.

Mafunzo yako tele, na tuyasifu panapostahili. Wajesuiti wa JRS wamesomesha watoto wetu, na wapo vijana waliopata diploma kwa masafa kutoka Chuo Kikuu cha Regis, Denver, wakiwa wamekaa hapahapa kwenye vumbi. Utakusanya cheti cha sabuni, cheti cha ushonaji, cheti cha kompyuta, cheti cha uongozi, na kile kipenzi changu, cheti cha kuhudhuria. Vipange vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Kisha uliza kwa adabu vitatumika wapi.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo Desemba 1987, ikajiwekea masharti yake, likiwemo la kutojifunga kuhusu kazi na jingine kuhusu mkimbizi kwenda na kuishi atakako. Sheria ya Wakimbizi ikafuata mwaka 1989. Tusiwe watovu wa shukrani: miaka ileile nchi hii, mojawapo ya zile maskini kabisa duniani, ilikuwa inawapokea Wamsumbiji waliofikia zaidi ya milioni moja, wengi wao wakikaa vijijini pamoja na wenyeji. Amani ilipopatikana kwao mwaka 1992, walirudi. Wamsumbiji walikwenda zao, masharti yakabaki yanatusubiri sisi.

Ndiyo maana mkimbizi anayefundisha au anayefanya kazi zahanati kupitia shirika hapokei mshahara. Anapokea insentivu. Ni fedha ndogo ya kumtia moyo, kana kwamba kilichopungua ni moyo. Na ndiyo maana soko la Dzaleka, ambako wanavijiji wa Dowa huja kununua vitenge na kutengenezesha simu, ni muujiza ambao karatasi haiuoni. Kuna mafundi cherehani, vinyozi, migahawa ya sombe, wachoraji, watu wanaofundishana programu za kompyuta. Kila mtu anajua kwamba tunafanya kazi. Kinachotakiwa ni tusifanye kazi rasmi.

Hatua ya tano: nenda Lilongwe ukawe mtu mwingine

Lilongwe iko yapata kilomita 45. Unapanda minibasi, unapita Lumbadzi, na njiani unabadilika. Sitanii. Mtu aliyeingia garini akiwa ameinamisha mabega, kama tulivyozoea kuyainamisha mbele ya dirisha, anayanyoosha kabla ya uwanja wa ndege. Simu inawekwa kimya ili asipigiwe na mtu wa Kiswahili. "Muli bwanji", salamu ya Kichewa, inafanyiwa mazoezi chini kwa chini. Kondakta anaitwa achimwene, mama wa pembeni anaitwa amayi, na nauli inatolewa kamili bila ubishi, kwa sababu ubishi hutoa lafudhi nje.

Ukifika, usiogope namba. Mitaa ya Lilongwe inaitwa Area 3, Area 18, Area 25, Area 47, na namba hazifuatani kwa ujirani. Mji mkuu ulihamishiwa hapa kutoka Zomba mwaka 1975, na mitaa ilizaliwa kwa zamu. Zoea jina lako jipya pia. Dzaleka ulikuwa Mbembe, Mshi, Munyamulenge, Mhutu, Mtutsi, na kila mmoja alijua nani asikae naye benchi moja kanisani. Huku wote mnaitwa Maburundi. Wazee wamehangaika miaka na miaka kutupatanisha bila mafanikio, na mteja mmoja wa Area 25 anatuunganisha akiwa anauliza bei ya chumvi.

Fungua duka. Usiulize kwa nini duka. Mlango wa ajira umefungwa, shamba huna, kilichobaki ni dirisha lenye nondo. Amka saa kumi na moja. Pima mafuta kwa vifuko vidogo vya mtu asiye na uwezo wa chupa. Kata sabuni kwa uzi. Uza sukari ya chai moja, mshumaa mmoja, nusu ya mkate. Weka daftari la mkopo na ujue mshahara wa kila jirani unatoka lini kuliko anavyojua mkewe. Funga wakati mbwa wamelala. Utanunua jumla pamoja na wenzako watano ili bei ishuke, na hapo utakuwa umeharibu kila kitu, kwa sababu umefanikiwa.

Mwenye duka huyu ndiye mkimbizi yuleyule. Wiki iliyopita, kule kambini, kulikuwa na warsha ya siku mbili juu ya namna ya kumwondolea utegemezi, chakula cha mchana kikiwemo. Leo, kwa umbali wa nauli moja ya minibasi, kuna mkutano wa wafanyabiashara wanaolalamika kwamba anafanya kazi kupita kiasi, hafungi hata Jumapili, anawanyang'anya wenyeji riziki. Uvivu wake na uchu wake vimepakana pale Lumbadzi. Viongozi wanaposema wakimbizi wana tabia hii na ile, wana haki, ila wangetaja na kituo cha basi.

Nami sitawacheka wafanyabiashara wa Kimalawi. Mama mwenye meza ya nyanya na usipa, aliyekopa kwa riba, akishushiwa bei na duka la pembeni hana muda wa kusoma Mkataba wa 1951. Naye amewekwa pale alipo na mambo ambayo hakuyachagua. Anayemwona kila siku ni wewe. Kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44 mnamo Novemba 2023, yeye aliona bei ya mafuta imeandikwa kwa mkono wako.

Kwa hiyo jiandae kurudi. Mwaka 2021 serikali ilitoa amri wakimbizi wote wa mijini warudi Dzaleka. Watu wakaenda mahakamani, amri ikasimama kwa muda. Machi 2023 ikarudi na tarehe yake, mwisho 15 Aprili. Mei polisi na wanajeshi wakaanza kuzunguka Lilongwe. Maduka yakafungwa, mali ikapotea, wazazi wakachukuliwa pamoja na watoto wao, wengi wakapitishwa gereza la Maula kabla ya kuletwa huku. Kuna waliokuwa wamekaa mjini miaka zaidi ya kumi, watoto wao wanaota kwa Kichewa. Walishushwa na godoro, kama lilipona, na jioni ileile wakaanza kuulizana bomba liko wapi na foleni ya kujiandikisha inaanza saa ngapi. Mwenye daftari la mikopo la kurasa themanini akawa mlengwa wa chakula. Warsha ya utegemezi ikapata washiriki wapya.

Kwa wale wanaopenda vitabu, jambo hili, la mahali kumbadilisha mtu, lilishaonekana ng'ambo ya mpaka. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi magharibi mwa Tanzania na Wahutu wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wengine walikuwa makazi ya Mishamo, wengine Kigoma mjini. Asili moja, mkasa mmoja. Mishamo alikuta kila mtu ni mwanahistoria: wanasimulia kwa mpangilio mmoja namna taifa lao lilivyodhulumiwa na litakavyorudi, na ukimbizi wenyewe ni heshima. Kigoma alikuta watu wasiotaka hata kuitwa wakimbizi. Huyu anajiita Muha, yule amebadili dini na jina, mwingine ameoa palepale na hana habari na taifa lolote. Makazi yenye mipaka, kibali cha kutoka na kamanda wa makazi yalizaa watu wa historia. Mji wenye soko na msako ulizaa watu wa kupotelea. Halafu mwaka 2014 Tanzania ikatangaza uraia kwa zaidi ya 162,000 wa kizazi hicho cha 1972 na watoto wao, na mtu akaamka Mtanzania akiwa na jembe lilelile.

Hatua ya sita: subiri ndege

Hii ni hatua ndefu kuliko zote na haihitaji nguvu. Ukishaambiwa kwamba kesi yako ya kwenda nchi ya tatu imefunguka, acha kupanda miti ya matunda. Usiezeke bati. Usinunue kabati, maana utalia kuliuza. Binti asiolewe kwanza. Kumwingiza mume kwenye faili ni kulirudisha faili chini ya rundo, na mwanamume mwenye akili hataki kuwa sababu. Wapo wachumba hapa wanaopendana kwa siri wasigunduliwe na kompyuta. Jioni watu hukaa nje wakijadili majimbo ya Marekani ambayo hawajayaona, nani kapelekwa baridi, nani kapelekwa joto, na namna ya kujibu swali la daktari.

Tarehe 20 Januari 2025, rais mpya wa Marekani alisaini karatasi siku ileile aliyoapishwa, na mpango wa kupokea wakimbizi ukasimama. Duniani kote watu waliokuwa na tarehe za safari wakafutiwa. Mkono ule haukujua kama kuna mahali panaitwa Dowa. Lakini hata hapo utaona watu hawarudi kupanda miti. Mwili ukishazoea kusubiri ndege hauna haja ya ndege.

Hatua ya saba: pokea mtafiti

Atakuja. Ni mpole, ana fomu ya ridhaa na soda. Atawakusanya kumi chini ya mwembe ambao mtu asiye na kesi aliupanda, na atauliza kwa nini vijana wa kambini hawana moyo wa kujitegemea. Mnaruhusiwa kujibu "changamoto ni nyingi". Mkitaja sheria, atasema hilo ni nje ya upeo wa utafiti wake.

Onyo

Mara moja kwa mwaka mwongozo huu huacha kufanya kazi kwa siku chache. Mwaka 2014 mshairi wa Kikongomani, Menes La Plume, aliyekuwa anaishi hapahapa kambini, alianzisha Tamasha la Tumaini. Tangu hapo watu hutoka Lilongwe kwa maelfu kuja kutusikiliza tukiimba. Foleni ya magari inaelekea Dzaleka. Mmalawi mwenye shati la kazini anakuuliza wewe choo kiko wapi, analipia kulala nyumbani kwako, anaonja ndagala na kuomba nyongeza. Mabega, nimeyaangalia kwa makusudi, yananyooka bila kupita Lumbadzi. Mama wa dumu lenye kamba nyekundu anaonekana akimwambia mgeni apange mstari.

Ofisi haijatoa ufafanuzi juu ya hali hii. Ikikukuta, mpe mgeni kiti, mtajie bei kamili ya sombe, na usimpunguzie hata kwacha moja kwa sababu tu amekuonea huruma.